Namna ya kumtafuta bibi wa shamba wa Marekani wa miaka ya 1800, hata kama umeachiwa jina moja tu

Kwenye Biblia ya ukweni kwangu huku Kentucky, pale Agano la Kale linapoishia na Jipya halijaanza, kuna kurasa za kuandikia ndoa, vizazi na vifo vya familia, na kwenye ukurasa wa vifo kuna mstari mmoja wa wino umepauka kabisa: Polly, amefariki Oktoba 1869. Basi, hamna kingine. Mume wake ameandikwa majina yote matatu na tarehe kamili, yeye ni Polly tu. Mama mkwe akanambia huyo ni bibi wa bibi yake na ukoo mzima hakuna anayejua alikuwa binti wa nani. Nikasema mtu kazaa watoto tisa alafu anabaki neno moja, hapana, huyu ntamtafuta. Imenichukua miaka mitatu ya usiku usiku watoto wakishalala, na ninachoandika hapa ni njia niliyojifunza humo, kwa yeyote aliyeoa au kuolewa huku, au mwenye wajukuu wa huku, au anayependa tu mambo ya ukoo.

Kwanza elewa kwanini anapotea, maana ukishaelewa hilo utajua pa kumtafutia. Sheria waliyoirithi kutoka Uingereza ilikuwa mwanamke akishaolewa mali yake inakuwa chini ya mume, mkataba anasaini mume, deni anadaiwa mume, kodi anaandikwa mume. Majimbo yalianza kulegeza taratibu, Mississippi 1839, New York 1848, wengine wakafuata kwa kujivuta. Juu ya hapo jina la kwao linafutika siku ya harusi. Ni kama kwetu mtu anaitwa Mama Juma miaka arobaini mpaka siku ya msiba ndo majirani wanaulizana hivi jina lake hasa nani. Kwahiyo ukimtafuta yeye peke yake utachoka bure, watafute waliomzunguka, mume, watoto wote sio yule mliyetokea kwake tu, kaka zake, majirani, mashahidi, wadhamini. Na kila ukikwama jiulize swali moja, ni wapi katika maisha ya huyu mama mali au pesa ilihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na yeye akawepo? Alipoolewa, baba yake alipokufa, shamba lilipouzwa, mume alipokufa. Karani hakushika kalamu kwa ajili ya kumkumbuka mtu, alishika kalamu kwasababu kuna mali.

Anzia nyumbani kwa wazee waliopo, na usianzie kwa bibi mwenyewe, anza kwa walio hai urudi nyuma kizazi kimoja kimoja bila kuruka. Angalia nyuma ya picha, barua, Biblia. Biblia nayo usiiamini kichwa kichwa, fungua ukurasa wa mwanzo uone imechapwa mwaka gani, kama imechapwa 1885 na inaonyesha vizazi vya 1840 ujue mtu alikaa chini siku moja akaandika vyote kwa kukumbuka. Mwandiko ukiwa mmoja na wino mmoja kwa miaka arobaini, jibu ni hilohilo.

Sasa sensa. Marekani wanahesabu kila miaka kumi tangu 1790, lakini mpaka 1840 jina linaloandikwa ni la mkuu wa nyumba tu, wengine wote ni vijialama kwenye safu za umri, kwahiyo bibi yako wa 1830 yupo ila ni kialama kwenye safu ya wanawake wa miaka 20 mpaka 29. 1850 ndo mara ya kwanza kila mtu huru anaandikwa jina, umri na jimbo alilozaliwa. Ila hapo kuna mtego ambao umewaangusha wengi, sensa za 1850, 1860 na 1870 hazisemi nani ni nani kwa nani, uhusiano umeanza kuandikwa 1880. Ukiona mwanaume miaka 45, mwanamke miaka 30 na mtoto wa miaka 17 usikimbilie kuandika mama na mwana, wanawake walikuwa wanafia kwenye uzazi na mwanaume mwenye watoto wadogo na shamba alikuwa anaoa tena mapema tu.

Sensa ya 1880 pia inauliza baba yako kazaliwa jimbo gani na mama yako jimbo gani, hii ni dhahabu, maana hata bibi akiwa ameshakufa watoto wake wazima wamemsemea. 1890 karibu yote imepotea, moto uliwaka kwenye jengo la Wizara ya Biashara Washington Januari 1921 na mabaki baadae yakatupwa, hiyo miaka ishirini kati ya 1880 na 1900 itakuumiza, jiandae. Alafu 1900 wanaandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na kwa kila mama idadi ya watoto aliozaa na idadi walio hai. Nakumbuka nilivyofika kwenye safu hiyo kwa mkwe wa Polly, yaani mke wa mtoto wake mkubwa, imeandikwa 10 alafu pembeni yake 5, nikafunga kompyuta siku hiyo sikuendelea. Lakini ndo taarifa yenyewe, kama unawajua watoto sita na imeandikwa kumi ujue kuna wanne wa kuwatafuta makaburini.

Kuna karatasi ya sensa ambayo watu hawaijui, orodha ya waliokufa ndani ya mwaka mmoja kabla ya tarehe 1 Juni ya mwaka wa sensa, zilifanyika 1850, 1860, 1870 na 1880. Polly kafa Oktoba 1869, kwahiyo anaangukia humo humo kwenye orodha ya 1870, na kweli nikamkuta: Mary, 47, amezaliwa Virginia, Oktoba, kifua kikuu. Ndio, Mary. Na hapa lazima tuongelee majina maana mimi nilipoteza miezi minane kwa kutafuta Polly wakati Polly ni Mary. Wazungu wa wakati ule walikuwa na majina ya nyumbani kama sisi, Polly na Molly ni Mary, Patsy ni Martha, Sally ni Sarah, Peggy ni Margaret, Betsy ni Elizabeth, Sukey ni Susan, na Nancy mara nyingine ni Ann. Mtu mmoja anaweza kuwa Patsy kwenye cheti cha ndoa, Martha kwenye sensa na M. A. kwenye jiwe la kaburi, karatasi tatu, mtu mmoja. Na kinyume chake pia kipo, jina moja watu wawili, hilo ndo baya zaidi na ntakwambia kisa chake.

Mfano mzuri kuliko wote ni Nancy Hanks, mama yake Rais Abraham Lincoln, mwanamke wa shamba kabisa, kafariki Oktoba 1818 Indiana porini kwa ule ugonjwa wa maziwa, ng'ombe anakula jani la sumu msituni na sumu inapita kwenye maziwa. Mtoto wake akaja kuwa rais na bado watu wamebishana zaidi ya miaka mia kuhusu wazazi wake. Kama mama wa rais hivi, wa kwako usikate tamaa.

Cha kwanza cha kujifunza kwake ni ndoa. Watu walitafuta hati ya ndoa ya wazazi wa Lincoln kaunti (kama wilaya kwetu) ya Hardin ambako familia iliishi, haikuonekana, maneno yakaanza kwamba hawakuoana kihalali. Mpaka 1878 ndo ikapatikana, ilikuwa imekaa tu kwenye makabati ya kaunti ya Washington, mji wa Springfield, hapahapa Kentucky. Mbona kule? Kwasababu ndoa ilikuwa inafungwa kwa kina bibi harusi, na Nancy alikuwa akiishi kule. Kwahiyo kaunti ya ndoa mara nyingi ndo kaunti ya wazazi wa mke au walezi wake, andika hilo ukutani kabisa.

Na majimbo ya kusini kama Virginia, Kentucky, Tennessee na North Carolina walikuwa na hati ya dhamana ya ndoa. Bwana harusi anaenda kwa karani siku mbili tatu kabla anaahidi pesa kwamba hakuna kizuizi cha ndoa, na anasaini pamoja na mdhamini, na mdhamini mara nyingi sana ni baba, kaka au mjomba wa binti. Hati ya Thomas Lincoln, baba yake rais, ni ya 10 Juni 1806, pauni 50, harusi ikafungwa tarehe 12. Mdhamini ni Richard Berry, na amejiandika ni mlezi wa binti. Mlezi, sio baba, na binti ana kama miaka 22 wala hahitaji mlezi kisheria. Neno moja lile limewapa watafiti kazi ya karne nzima, baba yuko wapi? Ndo maana nasema usichukue tarehe ya ndoa kutoka kwenye orodha iliyochapwa ukaridhika, orodha imeandika majina mawili na tarehe, mdhamini wamemuacha, na mdhamini ndo uliyekuwa unamtafuta. Omba picha ya karatasi yenyewe, geuza na nyuma, kama binti alikuwa hajafika umri wakati mwingine kuna kikaratasi cha ruhusa ya baba kimekunjwa humohumo.

La pili ni wosia. Joseph Hanks wa kaunti ya Nelson aliandika wosia Januari 1793, watoto wa kiume akawapa kila mmoja farasi na mabinti kila mmoja mtamba wa ng'ombe, na kila mnyama ametajwa kwa jina lake. Elizabeth kapewa Gentle, Polly kapewa Lady, Nancy kapewa Peidy. Mwandishi mmoja mwaka 1899 akaona Nancy Hanks, Kentucky, miaka inaendana, akatangaza mama wa rais kapatikana na baba yake ndo Joseph. Kumbe Nancy wa Peidy ni mwingine, ni yule aliyemzaa Dennis Hanks alafu akaja kuolewa na Levi Hall. Nancy Hanks wawili, ukoo mmoja, jimbo moja. Lincoln mwenyewe, kwa mujibu wa rafiki yake wakili Herndon, alisema mama yake ni mtoto wa nje ya ndoa wa Lucy Hanks, na Lucy kwenye wosia wa Joseph hayupo kabisa, ingawa watafiti wengi wanamhesabu binti yake. Kwahiyo funzo ni mara mbili, jina kufanana sio ushahidi mpaka umfuate na yule mwingine uone kaishia wapi, na mtu kutokutajwa kwenye wosia haimaanishi sio mtoto, anaweza kuwa alishapewa chake akiolewa au kulikuwa na ugomvi nyumbani.

Na ukumbuke Thomas Lincoln alioa tena Desemba 1819, mjane anaitwa Sarah Bush Johnston, na Thomas kafariki Januari 1851. Yaani mtu akianza na sensa ya 1850 kwa Thomas Lincoln mke anayemkuta ni Sarah, na akiwa mvivu ataandika Sarah ndo mama mzazi wa rais. Sasa fikiria familia ngapi zisizo na rais zimekosewa hivyo.

Turudi kwa mali inayohama. Mume akifa mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi, lakini ya kutumia mpaka afe, kuuza haruhusiwi. Wasomaji waislamu mnajua thumni ya mjane, hii hesabu yake kubwa zaidi ila haimiliki. Kwa sababu ya haki hiyo, mume akitaka kuuza shamba akiwa hai, mnunuzi anataka mke naye aachilie theluthi yake, na hapo ndo karani anamchukua mama pembeni, mume akiwa hayupo, anamuuliza umekubali kwa hiari yako hujalazimishwa? Jibu linaandikwa kwenye hati. Kwa wanawake wengi wa shamba hiyo ndo mara pekee serikali ilimuuliza kitu yeye mwenyewe. Kwahiyo soma hati zote za mume za kuuza, jina la mke likibadilika kati ya 1841 na 1846 ujue katikati hapo kuna kifo na ndoa mpya.

Alafu mirathi isiyo na wosia ni bora kuliko wosia, maana mahakama inataja warithi wote, binti zote na waume zao. Ukiona neno yatima humo usidanganyike, wakati ule mtoto aliyefiwa na baba aliitwa yatima hata mama yake akiwa hai yuko jikoni, na mlezi anayeteuliwa na mahakama mara nyingi ni mjomba, upande wa mama, yaani upande unaoutafuta wewe.

Pensheni za wajane ndo faili nono kuliko zote. Mume akiwa alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 upande wa serikali ya Muungano, mjane aliomba pensheni chini ya sheria ya 1862 au ile ya 1890, na ilibidi athibitishe ndoa na watoto. Watu walichana kurasa za Biblia wakazituma Washington, majirani na mkunga wakaapa kwamba nilikuwepo mtoto fulani alipozaliwa. Kuna faili za kurasa zaidi ya mia. Ziko Nyaraka za Taifa Washington, unaagiza nakala kwa malipo, baadhi zipo mtandaoni. Mume akiwa upande wa kusini hao hawakulipwa na serikali kuu, angalia jimbo, majimbo yao yalianza kulipa baadae. Na ile sheria ya ardhi ya 1862 (Homestead Act), ya ekari 160, ilimruhusu mjane au mwanamke asiyeolewa mwenye miaka 21 kuchukua shamba kwa jina lake, kwahiyo kama bibi yako alikuwa Kansas au Nebraska au Dakota usitafute mume tu, mtafute na yeye, faili lina ushahidi wa miaka mitano ya kukaa pale, nyumba ina milango mingapi na kalima ekari ngapi.

Kama unayemtafuta alikuwa mtumwa njia inabadilika na ni nzito, sitaki kuipita kana kwamba ni ileile. Jina lake litaonekana kwenye sensa kwa mara ya kwanza 1870 kwa walio wengi. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, na mtu mwenyewe ni umri, jinsia na rangi tu. Inabidi usome wosia na madeni ya aliyemmiliki, maana humo anatajwa kwa jina la kwanza katikati ya farasi na vitanda, inauma kusoma lakini ndo alipo. Baada ya uhuru tafuta rekodi za ile ofisi ya serikali ya walioachwa huru (Freedmen's Bureau), 1865 mpaka 1872, waliandikisha ndoa za watu walioishi pamoja miaka mingi utumwani, na benki ya walioachwa huru (Freedman's Bank), 1865 mpaka 1874, ambayo mteja alitaja wazazi, ndugu, hata waliouzwa mbali. Faili za pensheni za wajane wa askari weusi ndo zina maelezo marefu zaidi, kwasababu hawakuwa na hati za ndoa ikabidi watu waliokuwa nao shamba moja waje waseme.

Vyeti vya kuzaliwa na kufa usivitegemee kwa bibi mwenyewe, Massachusetts walianza 1841 lakini Kentucky vifo vilianza kuandikwa moja kwa moja 1911, North Carolina 1913, South Carolina 1915. Ila watoto wake walikufa baada ya hapo! Na cheti cha kifo kinauliza jina la mama kabla hajaolewa. Vuta vyeti vya watoto wote. Watoto watano wa Polly walikufa baada ya 1911, viwili vimeandikwa hajui, kimoja kimemtaja mke wa pili wa baba, na viwili vina ubini mmoja uleule. Aliyetoa taarifa ni mkwe au mjukuu mwenye msiba siku hiyohiyo, anakosea, lakini viwili kutoka kaunti mbili tofauti kukubaliana ilinitosha kuanza kutafuta baba mwenye ubini huo kutoka Virginia.

Pa kutafutia, FamilySearch ni bure unafungua akaunti tu, magazeti ya zamani yapo bure Maktaba ya Bunge kwenye Chronicling America, makaburi Find a Grave, na Ancestry ni ya kulipia ila maktaba nyingi za umma huku zinakuruhusu ukikaa palepale. FamilySearch sasa wana kusachi maneno ndani ya hati zilizoandikwa kwa mkono, na mimi naona hicho kimebadilisha mambo kwa wanawake kuliko kitu chochote, kwasababu faharasa za zamani ziliandika muuzaji na mnunuzi, yeye aliyetajwa mstari wa kumi na nne hakuwepo. Miti ya ukoo ya watu wengine mtandaoni ichukue kama fununu, watu wanakopiana kosa mpaka linaonekana ukweli. Na angalia mipaka ya kaunti, zilikuwa zinagawanywa kila mara, familia haijahama hata hatua lakini hati za 1815 ziko kaunti mama.

DNA inasaidia ukishakuwa na karatasi. Ile ya kawaida inakupa mabinamu, ile ya upande wa mama inapita kwa mama kwenda kwa mtoto na binti pekee ndo anayeiendeleza. Kwa Nancy Hanks mstari ulikatika, binti yake Sarah alifia kwenye uzazi 1828 na mtoto pia, ikabidi watafiti wapitie kwa dada na shangazi, na majibu yaliyochapishwa 2015 yakaegemea kwamba Lucy ndo mama. Kwahiyo pima wazee leo, shangazi mwenye miaka themanini ndo wa kwanza.

Polly nilimpata kwenye hati ya 1858. Ndugu saba wanauza shamba la marehemu baba yao, kila binti na mume wake, na karani kaandika alimuuliza Polly pembeni, amekubali. Chini pana jina kaandika karani, na katikati ya jina, kati ya Polly na ubini wa mume, kuna alama ya X yake mwenyewe, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, wino umemwagika kidogo. Nimeiprinti mama mkwe kaiweka ndani ya Biblia ukurasa uleule. Sasa kazi iliyobaki ni mama yake, maana kwenye mirathi ya huyo baba ametajwa mjane, jina hawajaandika, na nimeshaandika barua kaunti moja Virginia kuomba hati za dhamana za ndoa za kabla ya 1822.